Harry Truman: Mkaguzi aliyezuiwa mlangoni

Tarehe 17 Juni 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, viongozi wawili wa Marekani walizungumza kwa simu. Mmoja alikuwa Henry Stimson, Waziri wa Vita, mzee aliyekuwa ametumikia serikali za marais kadhaa. Mwingine alikuwa Harry Truman, seneta wa jimbo la Missouri na mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyokuwa ikikagua matumizi ya fedha za vita.

Watu wa kamati ya Truman walikuwa wamebaini kwamba fedha nyingi zinamiminwa kwenye ujenzi mkubwa karibu na mji mdogo wa Pasco. Mji huo uko katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa nchi, mbali sana na mji mkuu wenye jina hilohilo. Kila walipouliza ni nini kinachojengwa, hawakupata jibu. Stimson alimweleza seneta kwamba kazi ile ni siri kubwa, kwamba wanaoifahamu vizuri ni watu wachache mno, yeye akiwa mmoja wao, na kwamba asingependa ichunguzwe. Truman alikubali papo hapo.

Miezi 22 baadaye, seneta huyohuyo alikuwa rais wa nchi. Siri aliyokubali kutoiuliza ilikuja mezani kwake ikiwa karibu kukamilika, naye akatakiwa kuiamulia. Ilikuwa bomu la atomiki.

Maisha ya Truman yanatupa nafasi ya kutazama swali ambalo nchi nyingi bado hazijalimaliza. Wanasayansi na wanajeshi wanapotengeneza silaha kwa siri, kwa fedha za wananchi, ni nani mwenye haki ya kuwauliza wanafanya nini?

Mtoto wa shamba

Harry Truman alizaliwa tarehe 8 Mei 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Missouri, katika familia ya wakulima. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni, akavaa miwani minene, na kwa sababu hiyo michezo ya vurugu ilimpita. Alisoma vitabu vingi, hasa vya historia. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1901, lakini hakupata shahada ya chuo kikuu kwa kuwa familia ilikuwa imeishiwa fedha.

Alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli, kisha akawa karani wa benki. Mwaka 1906 baba yake alimwita arudi nyumbani kusaidia shamba la familia huko Grandview, lenye ekari zipatazo 600. Truman alilima hapo kwa zaidi ya miaka kumi, akipanda ngano, mahindi na shayiri, na kutunza mifugo.

Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa shambani. Mwaka 1918 alikuwa Ufaransa akiwa kapteni wa kikosi cha mizinga. Aliporudi alimwoa Bess Wallace, msichana aliyemfahamu tangu utoto, kisha yeye na rafiki yake wa jeshini wakafungua duka la nguo za wanaume mjini Kansas City. Biashara ilianguka mwaka 1922, na deni lake alilipa kidogokidogo kwa miaka mingi.

Mwaka huohuo aliingia katika siasa. Alipewa msaada na Tom Pendergast, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kubwa katika eneo hilo na ambaye baadaye alifungwa kwa kukwepa kodi. Uhusiano huo ulimtia Truman doa machoni mwa wengi. Hata hivyo, katika uongozi wa wilaya alijulikana kwa kujenga barabara nzuri na kwa kuwabana wakandarasi waliozoea kulipwa kwa kazi mbovu. Mwaka 1934 alichaguliwa kuwa seneta.

Kamati ya kuhesabu fedha za vita

Mwanzoni mwa mwaka 1941 Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini ilikuwa inajiandaa kwa kasi. Kambi za jeshi na viwanda vilijengwa kila upande. Truman alipokea malalamiko ya ubadhirifu kutoka kwa wananchi wa jimbo lake. Aliwasha gari lake na kwenda kuangalia mwenyewe. Alikuta vifaa vya ujenzi vikiharibika kwa mvua, vibarua wakilipwa bila kuwa na kazi, na mikataba ambayo mkandarasi alifaidika zaidi kadiri alivyotumia fedha nyingi zaidi.

Aliporudi aliitaka Seneti iunde kamati maalumu ya uchunguzi. Kamati hiyo iliundwa tarehe 1 Machi 1941. Bajeti yake ya kwanza ilikuwa dola 15,000 tu, wakati fedha ilizotakiwa kuzikagua zilikuwa mabilioni. Truman akawa mwenyekiti.

Kamati ilifanya kazi kwa njia rahisi kueleweka. Iliita mashahidi, ilikaa hadharani mara nyingi, na ilijitahidi kutoa ripoti zinazokubaliwa na wajumbe wa vyama vyote viwili. Ilifichua vyuma vya meli visivyofikia kiwango na injini za ndege zenye kasoro ambazo zingeweza kuua marubani. Inakadiriwa kwamba iliokoa mabilioni ya dola. Jina la Truman, ambalo wengi hawakulijua, likaanza kusikika nchi nzima.

Mwenyekiti alijiwekea mpaka mmoja. Alikuwa amesoma kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1860, kamati ya Bunge ilimsumbua Rais Abraham Lincoln kwa kutaka kuwafundisha majenerali namna ya kupigana. Truman hakutaka kurudia kosa hilo. Kamati yake ingehesabu fedha na kukagua ubora, lakini mambo ya mapigano ingewaachia wanajeshi. Ndiyo maana Stimson aliponyanyua simu, haikuwa vigumu kumshawishi.

Kilichokuwa nyuma ya ukuta

Kazi iliyofichwa huko Pasco ilikuwa sehemu ya mradi ulioitwa Manhattan. Wanasayansi walikuwa wametambua kwamba kiini cha chembe ndogo kabisa ya madini ya urani kikipasuliwa hutoa nguvu kubwa, na kwamba kupasuka kwa kimoja kunaweza kupasua vingine mfululizo. Waliogopa kwamba Ujerumani ya Hitler ingetangulia kutengeneza bomu kwa njia hiyo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, nayo ndiyo iliyofungua mkoba wa serikali.

Mradi ulikuwa na vituo vikuu vitatu. Oak Ridge, jimbo la Tennessee, palichambuliwa urani. Hanford, jirani na Pasco, palitengenezwa plutoni, kitu kingine kinachoweza kutumika kwenye bomu. Los Alamos, jimbo la New Mexico, ndipo wanasayansi wakiongozwa na Robert Oppenheimer walipounda bomu lenyewe. Katika kilele chake mradi uliajiri watu wapatao 130,000. Wengi wao hawakujua wanatengeneza nini. Gharama yake ilifika takriban dola bilioni mbili.

Kuna watu waliolipa kabla ya wengine wote. Mapema mwaka 1943 wakulima wa vijiji vya Hanford na White Bluffs walipokea barua za serikali zikiwataka wahame. Walikuwa watu wapatao 1,500, wengi wao wakiwa na mashamba ya matunda. Walipewa muda mfupi, na fidia ambayo wengi waliiona ndogo. Sababu ya kuhamishwa hawakuambiwa. Watu wa kabila la Wanapum, waliovua samaki katika mto Columbia tangu enzi za mababu, nao waliondolewa.

Upande wa pili wa dunia, sehemu kubwa ya urani ya mradi ilichimbwa Shinkolobwe, katika eneo la Katanga, nchini Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Wachimbaji Wakongo waliibeba na kuipanga bila kinga yoyote ya maana dhidi ya mionzi yake, na bila kuambiwa inakwenda kufanya kazi gani. Mwaka 1944 serikali za Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini makubaliano ya siri kuhusu madini hayo. Wakongo hawakuulizwa.

Vipi kuhusu Bunge la Marekani, ambalo kwa katiba ndilo lenye mamlaka ya kuidhinisha fedha? Fedha za mradi zilifichwa ndani ya mafungu mengine ya bajeti ya jeshi. Mwaka 1944, kiasi kilipokuwa kikubwa mno kufichika, viongozi wachache wa Bunge waliitwa faraghani, wakaelezwa kwa ufupi, na wakakubali kupitisha fedha bila mjadala. Wabunge wengine mamia walipiga kura bila kujua.

Truman alijaribu tena. Mwezi Machi 1944, malalamiko ya ubadhirifu huko Hanford yalipozidi, alimwandikia Stimson kuomba mtu wake mmoja aruhusiwe kukagua. Stimson alikataa, na katika shajara yake alimlalamikia seneta huyo kama msumbufu. Truman alikuwa amesikia tetesi za silaha ya mlipuko mkubwa. Lakini tetesi si ukaguzi, na hakuweza kuzifanyia lolote.

Siku siri ilipofunguliwa

Mwaka 1944 Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa mgonjwa, alimchukua Truman kuwa mgombea mwenza. Truman aliapishwa kuwa makamu wa rais tarehe 20 Januari 1945. Hata katika cheo hicho hakuelezwa mradi wa bomu kikamilifu. Tarehe 12 Aprili Roosevelt alifariki dunia ghafla, na jioni hiyohiyo Truman akaapishwa kuwa rais.

Baada ya kikao chake cha kwanza na mawaziri, Stimson alibaki nyuma na kumdokeza kwamba kuna silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Maelezo kamili yalikuja tarehe 25 Aprili, Stimson alipofika na Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi. Hapo ndipo yule mkaguzi alipoelewa kilichokuwa nyuma ya ukuta wa Pasco.

Msikilizaji, zingatia jambo moja. Wakati Truman anafungwa mdomo, majasusi wa Umoja wa Kisovieti walikuwa ndani ya mradi. Mmoja wao, mwanafizikia Klaus Fuchs, alifanya kazi Los Alamos kwenyewe. Tarehe 24 Julai 1945, kwenye mkutano wa Potsdam nchini Ujerumani, Truman alimdokezea Joseph Stalin kwamba Marekani ina silaha mpya. Stalin hakuonyesha mshangao. Alikuwa na habari za mradi huo kabla ya Truman mwenyewe. Siri iliyowazuia maseneta wasiulize haikumzuia Stalin kupata majibu.

Kufikia Mei 1945 Ujerumani ilikuwa imeshindwa, na ile hofu iliyoanzisha mradi ikawa imekwisha. Japani ilikuwa bado inapigana, na Wamarekani wengi walikuwa wanakufa katika visiwa vya Pasifiki. Kamati ndogo chini ya Stimson iliketi kujadili bomu. Hakuna mbunge hata mmoja aliyekuwemo. Mwanzoni mwa Juni ilipendekeza bomu litumike dhidi ya Japani haraka iwezekanavyo, bila onyo.

Baadhi ya wanasayansi walikuwa na mawazo tofauti. Leo Szilard, mmoja wa waliosukuma mradi uanze, aliandika ombi kwa rais akitaka bomu lisitumike kabla Japani haijaelezwa masharti ya kusalimu amri na kupewa nafasi ya kuyakubali. Wanasayansi 70 walitia saini mwezi Julai. Ombi lilipitishwa katika ngazi za mradi, kwa kuwa lilihusu siri, na halikumfikia Truman kabla ya bomu kudondoshwa.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani lilidondoshwa Hiroshima. Tarehe 9 Agosti bomu la plutoni lilidondoshwa Nagasaki. Plutoni hiyo ilitoka Hanford, mahali palepale ambapo kamati ya Truman ilizuiwa kuingia. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Wengi walikuwa raia.

Wanahistoria wanaendelea kubishana iwapo mabomu hayo yalihitajika ili vita viishe. Truman alitetea uamuzi wake hadi mwisho wa maisha yake. Lakini tarehe 10 Agosti, siku moja baada ya Nagasaki, aliagiza kwamba bomu jingine lisitumike bila amri yake mwenyewe. Hadi hapo ratiba ilikuwa mikononi mwa jeshi.

Kujenga mlango wa ukaguzi

Baada ya vita swali lilikuwa wazi: bomu liwe mikononi mwa nani? Mswada wa kwanza, ulioandaliwa na Wizara ya Vita, ungewapa wanajeshi nafasi kubwa na kuweka adhabu kali kwa watoa siri. Mwanzoni serikali ya Truman iliunga mkono. Wanasayansi waliotoka Chicago, Oak Ridge na Los Alamos waliacha maabara zao wakaenda mji mkuu, wakizungumza na wabunge, magazeti na redio. Hoja yao ilikuwa kwamba wananchi hawawezi kujitawala katika jambo wasiloruhusiwa kulijua.

Truman alibadili msimamo. Aliunga mkono mswada wa Seneta Brien McMahon, na tarehe 1 Agosti 1946 akautia saini kuwa sheria. Kuanzia Januari 1947 mitambo yote ya atomiki ilitoka kwa jeshi na kwenda kwa tume ya raia, iliyoongozwa na David Lilienthal. Bunge nalo lilipata kamati yake ya pamoja, yenye maseneta tisa na wawakilishi tisa, yenye haki kisheria ya kupewa taarifa za tume. Mwaka 1948 wanajeshi walipotaka wakabidhiwe mabomu wayatunze wenyewe, Truman alikataa.

Kwa mtu aliyewahi kuzuiwa mlangoni, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini sheria hiyohiyo ilifanya karibu kila habari ya silaha za atomiki kuwa siri tangu inapozaliwa. Wajumbe wa kamati walijua mengi wasiyoweza kuwaambia waliowachagua. Mlango ulikuwepo, lakini waliopita walikuwa wachache, na wakitoka walifunga midomo.

Mambo mawili yanaonyesha udhaifu huo. La kwanza ni bomu la haidrojeni. Agosti 1949 Umoja wa Kisovieti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki. Ndani ya serikali ya Marekani ulianza mjadala mkali iwapo itengenezwe silaha kubwa zaidi. Jopo la washauri wa kisayansi, Oppenheimer akiwa mwenyekiti, lilishauri isiharakishwe. Seneta McMahon, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge, alisukuma itengenezwe. Karibu yote hayo yalifanyika faraghani. Tarehe 31 Januari 1950 Truman alitangaza kwa taarifa fupi kwamba kazi itaendelea. Bomu hilo lilijaribiwa tarehe 1 Novemba 1952 huko Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, ambako wenyeji walikuwa wamehamishwa. Kisiwa kizima kidogo kilitoweka.

La pili lilitokea Hanford. Mwanzoni mwa Desemba 1949 wahusika wa mitambo waliachia hewani kwa makusudi moshi wenye mionzi, katika jaribio la siri la kujua namna ya kugundua viwanda vya Wasovieti kutoka mbali. Moshi huo ulikuwa na iodini yenye mionzi, ambayo hutua kwenye majani, ng'ombe wakayala, na kuingia katika maziwa ambayo watoto hunywa. Wakulima na wafugaji waliokuwa upande unakoelekea upepo hawakuambiwa. Tume ya raia ilikuwepo, kamati ya Bunge ilikuwepo, lakini umma ulijua jambo hilo mwaka 1986, nyaraka zilipotolewa baada ya shinikizo la wananchi na waandishi wa habari.

Alichoacha

Truman aliondoka madarakani tarehe 20 Januari 1953 akarudi Independence, Missouri. Mwaka 1957 ilifunguliwa huko maktaba inayohifadhi nyaraka za utawala wake. Alifariki dunia tarehe 26 Desemba 1972 akiwa na umri wa miaka 88, akazikwa katika uwanja wa maktaba hiyo. Nyaraka nyingi za vita zilipofunguliwa, watu wa kawaida waliweza kusoma mambo ambayo maseneta wa mwaka 1943 walinyimwa, yakiwemo mazungumzo ya simu kati yake na Stimson.

Hakuna anayedai kwamba serikali isiwe na siri hata moja wakati wa vita. Michoro ya silaha haiwezi kubandikwa ukutani. Lakini kamati ya Truman haikuomba michoro. Iliuliza fedha zinakwenda wapi na kwa nini, na hata hilo likakataliwa. Matokeo yake ni kwamba uamuzi mzito kuliko yote uliwekwa mbele ya mtu aliyepewa miezi isiyofika minne kuuelewa, huku washauri wake karibu wote wakiwa watu waliokwisha kuujenga mradi huo.

Huko Hanford, usafishaji wa taka za mionzi zilizofukiwa ardhini unaendelea hadi leo, jirani na mto Columbia, na umegharimu mabilioni ya dola. Miti michache ya matunda ya wakulima waliohamishwa mwaka 1943 ilibaki imekauka kwenye eneo hilo kwa miaka mingi. Waliokuwa wameipanda walilazimika kusubiri hadi Agosti 1945, mabomu yakiwa yameshaanguka, ndipo waelezwe kwa nini walihamishwa.